Kibuyu Ambacho Hakikuonjwa

Paukwa!

*Pakawa!*

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mliolala njaa. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

*Pakawa!*

Haya, kaeni sawa. Hapo zamani, enzi ambazo wanyama walipika, walisafiri na kusutana kama sisi, mvua iligoma. Ikagoma mwaka wa kwanza. Ikagoma mwaka wa pili. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi. Ndege wakahama wote, hata kunguru.

Wanyama nao wakakubaliana kuhama. Ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku mbili, kulikuwa na ziwa. Katikati hapakuwa na tone la maji. Basi kila msafiri abebe togwa yake, na togwa hubebwa kwenye kibuyu.

Fundi wa vibuyu alikuwa Bi Nguchiro. Mikono yake myepesi, macho yake makali. Na maringo anayo, tusifichane.

Sikilizeni desturi yao, maana ndiyo kisa chote. Aliyekifunga kibuyu hukionja mbele ya wasafiri. Anafungua, anapiga funda moja, anangoja kidogo, anaziba. Ndipo kinabebwa. Hajaonja? Hakibebwi.

Mwaka ule Nguchiro alitaka vibuyu vyake visifiwe mpaka huko ziwani. Akagema utomvu mweupe wa mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani unaopandwa kuzunguka ua. Akaupaka nje ya vibuyu, vikang'aa. Akaupaka kwenye midomo na vizibo, vikang'aa na kuziba kabisa. Akabandika maua makavu mekundu. Loo! Ungeviona, ungesahau kiu.

Asubuhi kundi la kwanza likajipanga, ndilo kundi la wenye watoto. Kiongozi alikuwa Pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe ndefu na maneno machache. Mgongoni mwake alikaa Siti, kitinda mimba wa Nguchiro. Mama mtu alibaki nyuma kuwafungia togwa wazee, ambao wangeondoka kesho yake.

"Onja, dada," Pofu akasema.

"Nionje nini, kaka Pofu? Nikikifungua, utomvu utapasuka, urembo wote uharibike. Kwani hamniamini?"

Wanyama wakavitazama vibuyu. Vizuri, jamani! Nani atake kuviharibu?

"Tunakuamini," Ngiri akasema. Naye alikuwa ameshakikumbatia chake.

"Havijaonjwa," Bi Kobe akasema. Alikuwa jirani yake Nguchiro. Naye alileta kibuyu chake, kimoja tu, kikubwa, kimejaa togwa. Alikisuuza siku saba, akakifukiza kwa makaa ya mgunga mpaka kikawa cheusi tii.

"Bi Kobe, hicho kibuyu au chungu cha mchawi?" Ngiri akauliza.

Wakacheka. Nguchiro akacheka kuliko wote. Kibuyu cheusi kikaachwa mlangoni, na kundi likaondoka. Tuku, tuku, tuku.

Sasa, njia ile ilikuwa na sheria yake. Hakuna anayefungua kibuyu mpaka jua liguse Kilima cha Mapacha. Likigusa, mdogo kuliko wote hunywa kwanza. Na mdogo kuliko wote katika kundi lile ni nani? Ni Siti.

Jua likawa la utosi. Nguchiro akaenda kukichukua kibuyu chake kimoja chenye togwa kilichobaki, awawekee wazee. Akaona sisimizi. Wamejipanga mstari kutoka chini mpaka mdomoni mwa kibuyu, walikofuata utamu wa togwa. Lakini mstari ule hautembei. Akawapuliza, fuu! Wakaanguka chini wote, wakavu.

Akapitisha kidole mdomoni mwa kibuyu. Akakilamba.

Uwiii! Ulimi ukawaka moto. Akatema, akatema tena. Midomo ikavimba.

"Siti," akasema. "Siti mwanangu!"

Akatoka mbio. Bi Kobe akamzuia mlangoni.

"Unakwenda mikono mitupu?"

"Niache, Bi Kobe! Vibuyu vina sumu!"

"Nimeelewa. Utafika, utawaambia wasinywe. Halafu watoto wanywe nini?"

Nguchiro akakitazama kibuyu cheusi. Kizito, kinamzidi kimo. "Kitanichelewesha."

"Kitakuchelewesha," Bi Kobe akasema, akamfunga nacho mgongoni.

Nguchiro akakimbia. Tuku, tuku, tuku, miguu. Chubwi, chubwi, chubwi, kibuyu. Akaimba kama anavyomwimbia Siti nyumbani, nanyi mwitikie:

Siti mwanangu, usinywe,
*Mama yako yuaja!*
Kizibo kikae pale pale,
*Mama yako yuaja!*

Jua likainama. Kamba ikamkata mabega. Akafika kwenye mchanga mwingi, miguu ikazama. Chubwi, chubwi. Akasimama, akafungua kamba, akakiweka kibuyu chini. Akapiga hatua kumi bila mzigo. Loo, wepesi ulioje! Angefika mapema. Angemwahi mwanawe.

Akawaza watoto wa wenzake, ndimi nje, katikati ya mbuga. Akalia kwa hasira. Akarudi hatua kumi, akajitwika.

Siti mwanangu, usinywe,
*Mama yako yuaja!*

Jua likabakiza kidole kimoja kugusa kilima. Nguchiro akapanda mwinuko wa mwisho, na kule bondeni akawaona. Wameketi duara. Ngiri anahangaika na kizibo, kwaa, kimetoka! Siti amepokea kibuyu kwa mikono miwili.

Nguchiro akafungua kinywa aimbe.

Sauti haikutoka. Koo limekauka kama ngozi ya ngoma. Akajaribu tena. Haikutoka! Kushuka bondeni ni mbali. Jua limegusa kilima. Siti anainua kibuyu.

Mgongoni, chubwi.

Safari nzima Nguchiro hakuwa ameonja hata tone, maana togwa ile ni ya watoto. Sasa akang'oa kizibo kwa meno, akapiga funda moja. Baridi, tamu, ina moshi kwa mbali. Koo likafunguka.

"SITI MWANANGU, USINYWE!"

Siti akasikia. Kibuyu tayari kilikuwa midomoni. Akakishusha, akaitikia kwa mazoea ya nyumbani:

*Mama yako yuaja!*

Nguchiro akashuka akibingirika na kuinuka. "Asinywe mtu! Mwageni! Vina sumu!"

"Sumu?" Ngiri akang'aka. "Tumetembea kutwa nzima, makoo yanatuuma, unatuambia tumwage? Kibuyu kizuri namna hii kiwe na sumu?"

Pofu akamtazama Nguchiro. "Dada, kionje basi. Mbele yetu."

Ngiri akamsogezea chake.

"Siwezi," Nguchiro akasema. "Asubuhi nilikataa kwa maringo. Sasa nakataa kwa kuwa najua." Akatoa ulimi. Umevimba, umejaa malengelenge.

Ndipo Siti akaanza kulia. "Mama, mdomo unaniwaka." Wakamtazama. Utomvu ulikuwa umemgusa mdomo wa chini, basi, pale tu. Tayari umevimba. Ngiri akaiona ile midomo miwili, wa mama na wa mtoto, akakimwaga chake bila kuambiwa tena.

Wakamwaga vyote. Togwa ya kundi zima ikanywewa na mchanga. Inauma, jamani, kumwaga kinywaji ukiwa na kiu! Watu wazima wakageuza nyuso wasione.

Nguchiro akakitua kibuyu cheusi katikati. Akafungua, akapiga funda moja mbele ya wote. Akangoja kidogo. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akawanywesha watoto, mmoja mmoja, mafunda mawili mawili. Siti akaanza. Watu wazima hawakupata tone.

Kesho yake wakatembea na makoo yao makavu mpaka ziwani. Walifika wote, wengine wakiburutwa. Ngiri hakumsemesha Nguchiro mpaka mwezi ulipoandama mara mbili, na mimi simlaumu.

Bi Kobe alikuja na wazee. Walibeba togwa yao kwenye vyungu, safari yote wakilalamika kwa uzito. Nguchiro akamwendea akapiga magoti. "Nifundishe."

Akafundishwa. Siku saba za kusuuza, kisha makaa ya mgunga. Na urembo hakuuacha, maana hata msafiri hupenda kubeba kizuri. Alichora nje kwa ncha ya chuma cha moto: twiga, mawimbi, nyota. Vibuyu vyake vilisifiwa ziwa zima, kama alivyotaka.

Lakini Siti alibaki na kovu dogo kwenye mdomo wa chini. Kila mama yake alipomaliza kibuyu, akakiinua na kukigeuza juani akikipenda, Siti alikuja na kile kikovu chake, akasimama mbele yake.

"Mama, umekionja?"

Na Nguchiro alikifungua, akaonja.

Wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mnasinzia, mafunzo ni haya. Chombo cha chakula kipendeze, ndiyo, lakini kwanza kiwe salama. Na usimpe mwenzio kitu ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukionja.

Hadithi yangu imefika ukingoni, hapa naiziba kizibo. Ichukueni mwende nayo. Nimeshaionja.