Mama Alipopanda Pikipiki ya Mbio

Bwana asifiwe, wapendwa! Kina mama mlio mlangoni, sogeeni, huku mbele kuna nafasi. Na tunyamaze kidogo. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapo hapo, hatufukuzi mtu. Nina mfano mfupi tu.

Kulikuwa na kijana mmoja, fundi umeme, akanunua pikipiki ya mbio. Si yale madude makubwa yanayotaka barabara ya peke yao, wala si kale kadogo kanakolia mlimani kama mbuzi. Ya kati. Mmeziona pale mjini, na dukani pana kibao. Nimekisoma mwenyewe, bila kusomewa: INAFAA KWA KILA SAFARI.

Na kweli. Jumatatu ilimpeleka kazini, Jumamosi ikampandisha milimani, na kwenye lami tupu akiifungulia, unasikia vuuu, ameshapita. Mama yake, mjane, hakuipenda hata kidogo. "Hiyo ni ya kufa nayo," alisema.

Asubuhi moja simu ikaja kutoka milimani: dada yake mama, wa pekee aliyebaki, amezidiwa, anamwita. Basi la huko lilishaondoka alfajiri. Kijana akaitoa pikipiki.

"Mama, twende."

"Nitakaa upande, kama tunavyokaa siku zote."

"Hii hukai upande, mama. Kiti chake kidogo, utaanguka. Unapanua miguu."

"Mimi? Nina wakwe mtaa huu!"

Wapendwa, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama aliingia ndani, akafungua sanduku. Akatoka amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kanga, na helmeti juu ya kitambaa. Hakumtazama mtu.

Kijana akaenda polepole. Polepole kabisa, kila shimo analizunguka. Pale kijiweni bodaboda wakampigia kelele: "Wee! Dude lote hilo unalikokota kama ng'ombe mgonjwa?" Hata muuza mkaa na baiskeli yake akawapita. Kijana akasema tu, "Nimembeba mama yangu." Wakampisha njia.

Mnadhani mfano umeishia hapo, eti? Upendo ni upole, amina, twende nyumbani. Bado.

Walipoingia kwenye lami, mama akamgonga helmeti, ko ko ko.

"Mwanangu, kwani mwisho wa mbio zake ndio huu?"

"Nilifikiri utaogopa, mama."

"Naogopa. Kimbia. Dada yangu ananingoja."

Akamkumbatia kiunoni, akafumba macho. Kijana akaifungulia.

Walimkuta dada bado yu hai, anaona. Akamtazama aliyeingia, kuanzia helmeti mpaka miguuni. "We mdogo wangu," akasema kwa sauti ndogo, "hiyo si suruali ya shemeji?"

Wakacheka, wale wazee wawili wameshikana mikono, wakacheka mpaka wakalia. Jioni dada akalala, hakuamka tena.

Sasa sisi. Tukipewa kitu chenye nguvu, tunauliza kina mbio kiasi gani. Nani anauliza, nyuma yangu amekaa nani, na huko mbele anangojwa na nani? Yule kijana alikwenda polepole kwa ajili ya mama, na akakimbia kwa ajili ya mama. Lakini lipi kwa wakati gani, hakulijua mpaka mama alipomgonga kichwani. Na wewe, huyo uliyembeba nyumbani kwako, umemsikia akigonga? Au unajisifu kwa upole wako, na huku mtu anamaliza pumzi akikungoja?

Ukimwona mwenzako anajikokota, usimcheke, hujui amembeba nani. Na kama yuko mtu anayekuita, ndugu yangu, usiseme kesho.

Mimi naondoka sasa. Kuna bibi mgonjwa kule ng'ambo ya mto, nimemwahidi kumsomea kabla hajalala. Pikipiki sina, lakini leo miguu hii itakimbia. Nikirudi kwenu nitamuuliza kila mmoja neno moja tu: ulikwenda?