Mji Uliotolewa Mara Mbili

Mtoa mji si wake hafikiri kitendawili. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Sudi maneno hayo asubuhi, pale Sudi alipowaahidi wageni jogoo wa jirani, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Haya, kaeni. Chambueni hizo kunde, mikono isilale. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja chini ya milima palikuwa na nyumba ya sanaa, nyumba ya kutundika picha na kupanga vinyago ili watu waje watazame. Kuja walikuja, lakini kutazama hawakutazama. Waliingia mlango huu wakatokea ule, kama mbuzi wanaopitishwa kwenye josho.

Ndipo akaitwa binti mmoja, Mwanahawa, fundi wa kubuni michezo ya simu. Akaambiwa atengeneze mchezo wa kuwasimamisha wageni mbele ya picha. Mwanahawa alifikiri sana, mwisho akakumbuka vitendawili vya bibi yake. Akaubuni hivi: mgeni anaielekeza simu kwenye picha, na humo kwenye kioo picha inaamka. Moshi unapanda, kuku wanaparua, mtu aliyechorwa anageuza shingo na kusema, "Kitendawili!" Mgeni anajibu, "Tega!" Jibu limo ndani ya picha yenyewe, na mwenye kutazama kwa makini hulipata. Akishindwa anatoa mji, kama tulivyofanya sote utotoni, chukua Tanga, chukua Mombasa. Simu inaupokea mji, kisha inamtajia jibu.

Akaongeza na mbwembwe zake. Alichora jinsi mji uliotolewa unavyoondoka: nyumba zinang'oka moja moja na kupeperuka kama makapi kwenye ungo. Kila alipoijaribu sehemu hiyo alicheka peke yake.

Picha kubwa kuliko zote mle ndani ilikuwa ya Bi Mboni, mama mtu mzima, aliyekichora kijiji chao cha Kwamsagazi kama kilivyokuwa siku walipohamishwa kupisha shamba la miwa. Kijiji chenyewe hakipo tena. Kisima kilifukiwa, makaburi yakalimwa na trekta. Kilichobaki duniani cha Kwamsagazi ni ile picha, na Bi Mboni hakutaka ichezewe.

"Mwanangu, hiyo si katuni," alimwambia Mwanahawa.

"Najua, bibi. Lakini watu wanaipita tu. Nakuahidi watasimama hapa, wataitazama mpaka wakijue kijiji chenu kama waliozaliwa huko."

"Na ukinidanganya?"

"Uishushe picha yako, uende nayo."

Wakapeana mikono.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Bi Mboni aliketi mstari wa mbele na kanga zake mpya. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Shekiondo, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mkubwa wa lile shamba la miwa. Mwanahawa hakulijua hilo. Meneja wa nyumba ile alimwalika kwa kuwa ni mtu mkubwa, na watu wakubwa hawaulizwi walikuwa wakubwa wa nini.

Mzee akakabidhiwa simu. Kila kilichoonekana kwenye simu kilionekana pia kwenye kioo kikubwa ukutani, ili wote wafaidi. Picha ikaamka. Mwanamke aliyejitwika godoro akageuka.

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika.

"Alilishwa na kijiji kizima. Siku ya kuhama hakuna aliyembeba."

Mzee Shekiondo hakuiangalia picha hata kwa jicho la pembeni. "Aah, nani ana muda wa kufikiri! Natoa mji."

"Nipe mji," simu ikadai.

Akasoma kibao kilichobandikwa chini ya picha, maana ndilo jina lililokuwa karibu. "Chukua Kwamsagazi!"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Pale ukutani nyumba za Kwamsagazi zikaanza kung'oka. Ikaondoka ya kwanza, ikafuata ya pili, na banda la mbuzi, na jiko la mama yake Bi Mboni na moshi wake. Mwanahawa, aliyekuwa akicheka kila siku, leo hakucheka. Kwa mara ya kwanza alikiona alichokichora.

Kabla simu haijataja jibu, Bi Mboni alisimama.

"Shekiondo, hii ni mara ya pili unautoa mji wetu. Mara ya kwanza hata kitendawili hukutegewa."

Kicheko kikakatika.

"Mama, huu ni mchezo tu," alisema mzee, akimtabasamia meneja.

"Mwanahawa, endelea," meneja akanong'ona. "Soda zinapoteza ubaridi."

Mwanahawa hasira zilimpanda. Alimwendea mgeni rasmi, akaugusa mkono ulioshika simu.

"Mzee, shikamoo yangu umeshaiitikia, kwa hiyo usiseme sina adabu. Mji huo haupokelewi. Toa wako."

"Wangu?"

"Ulikozaliwa."

"Ule hautolewi, binti," alisema mzee kwa haraka. "Mama yangu amelala pale."

"Na wangu je," akauliza Bi Mboni, "alilala wapi?"

Mama mmoja kule nyuma akadakia, "Leo utafikiri, babu!"

Basi akafikiri. Aliiweka simu kando, akavua miwani akaifuta, akaisogelea picha. Alitazama malori, akatazama magodoro na watoto waliokumbatia kuku. Alitazama mpaka meneja akaacha kuangalia saa yake. Mwishowe kidole chake kikasimama nyuma ya gurudumu la lori. Uani palikuwa na jiwe limelika katikati kwa kusuguliwa miaka na miaka, na juu yake konzi ya mahindi ambayo hayajasagwa.

"Jiwe la kusagia," alisema polepole. "Nilisimama hapo hapo. Niliwaambia, vizito viacheni."

"Umelipata," alisema Bi Mboni. "Mji wako unabaki nao. Kumbe kufikiri unajua! Ila mtoa mji si wake hafikiri kitendawili."

Kisha akamgeukia Mwanahawa. "Na nyumba zetu, nani alizichora zikipeperuka?"

"Mimi, bibi."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

"Basi tulikubaliana nini?"

Mwanahawa hakubisha. Alipanda kwenye kiti, mbele ya wageni wote, akaishusha picha kwa mikono yake na kumbebea Bi Mboni hadi nyumbani.

Picha haikurudi mpaka Mwanahawa alipoubomoa mchezo wote na kuujenga upya. Sasa hakuna nyumba inayopeperuka, na anayeshindwa hutoa alikozaliwa yeye, si kwingine. Na mtu akiambiwa atoe kwao, wajukuu zangu, husimama akatazama! Watu huganda mbele ya Kwamsagazi mpaka miguu ikawauma.

Sasa wewe Sudi, usijifiche nyuma ya ungo. Wageni watakula, umeshaahidi. Nenda kamkamate yule jogoo wako mwekundu.

"Yule? Aa, bibi, yule tena... ngoja kwanza tufikiri."

Ehee! Mmemsikia? Mtoa mji si wake hafikiri kitendawili.