Ufunguo wa Pili wa Gari la Tumpe

Anayetaka kukaa akae, anayetaka kusimama asimame, mradi mwishoni kila mmoja atoe hukumu yake. Mimi kazi yangu ni kusimulia.

Mbeya alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Tumpe, mwenye leseni ya wiki tatu. Shule yake iko juu mlimani, na kila siku alipanda kwa miguu na madaftari begani. Hela ya gari la kwanza alikuwa nayo. Hela ya kulijutia hakuwa nayo. Akiuziwa bovu, basi tena, ni mlima kwa miguu mpaka astaafu.

Akawaita watu watatu. Mama mdogo Sekela anauza vyungu sokoni, na akikigonga chungu kwa kucha anajua kama kina ufa. Kaka yake Lusajo ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, na masikio yake husikia ugonjwa wa mashine kabla mwenyewe hajaujua. Binamu yake Bupe ni karani wa masjala, na macho yake hayajawahi kuruka tarakimu.

Tumpe akawaambia, "Gari huja na funguo mbili. Mmoja wangu. Wa pili ni wa atakayenifikisha nyumbani na gari zima, lililo langu kweli. Huyo ataliendesha kila Jumamosi na Jumapili."

Kila mmoja aliutaka. Sekela ana leseni ya miaka tisa na hakuna mwanamume wa ukoo huo aliyewahi kumwachia usukani. Lusajo mkewe kahamishiwa kazi Tukuyu, wanaonana mara moja kwa mwezi. Bupe anasoma chuo mwisho wa wiki, na kila Jumamosi anaingia darasani kipindi kimeshaisha nusu.

Walipofika kwenye yadi ya magari, dalali aliwapita wanawake watatu na kiti mkononi, akampa Lusajo. "Karibu bosi, kaa."

"Mnunuzi ni huyu hapa," alisema Lusajo, akakaa.

"Sawa bosi. Ila unawajua hawa, wao wanaangalia rangi tu."

"Rangi naangalia sana, mwanangu," alisema Sekela. "Hasa iliyopakwa juzi."

Kulikuwa na kagari kekundu, kadogo, kanang'aa. Tumpe alikuwa ameshaingia, ameshika usukani, anatabasamu. Sekela akalizunguka akiligonga kwa kucha. Ti, ti, ti. Kwenye mlango wa nyuma: bu.

"Hapa pamezibwa."

"Mama, hilo ni bati!"

"Chungu kilichozibwa nakijua, mwanangu. Usinifundishe." Akakwangua kidogo, unga mweupe ukamwagika. Ubavu mzima ulikuwa umewahi kugongwa na kuzibwa. Tumpe akashuka. Bila Sekela, hela ingeishia pale.

Likabaki gari moja tu la bei yake: la kijivu, viti vimechakaa, lakini linakunywa mafuta kidogo na spea zake zimejaa mjini. Lilipowashwa, likapiga kelele tumboni kama sufuria zinazogombana. Sekela na Bupe wakageuka kuondoka.

"Zima," alisema Lusajo. Akaweka kiganja juu ya boneti. "Injini ina moto hii. Nani kaiwasha kabla hatujaja?"

"Tunazipasha zote asubuhi, bosi. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa kuficha kikohozi cha injini ikiwashwa baridi. Basi tunasubiri ipoe."

Wakanunua karanga, wakasubiri mpaka zikaisha. Ilipopoa akaiwasha, ikaitika mara moja, sauti ya injini imenyooka chini ya zile kelele. Akalala chini ya gari, akakuta kibati cha kukinga bomba la moshi kimelegea. Akakifunga kwa waya, kelele zikakoma. Injini ilikuwa nzima. Bila Lusajo, wangeliacha na kurudi mikono mitupu.

Tumpe akafungua mkoba. Bupe akasema, "Ngoja."

Alikuwa na kadi ya gari mkononi, ameinama kwenye namba iliyogongwa kwenye chasisi. "Tarakimu ya mwisho kwenye kadi ni tatu. Hapa ni nane."

"Dada, tarakimu moja tu!"

"Hiyo moja ndiyo inayolifanya liwe la mtu mwingine."

Dalali akapiga simu huku jasho likimtoka. Mwezi uliopita aliuza jingine la aina ileile, akazichanganya kadi. Mnunuzi yule akaja mbio, wakabadilishana kadi. Bila Bupe, Tumpe angeondoka na gari ambalo kwa karatasi si lake.

Dalali akawaaga kwa kumpa Lusajo mkono. "Bosi, umewachagulia vizuri." Na Lusajo hakumsahihisha. Lihesabuni hilo au lisameheni. Mimi nalitaja tu.

Tumpe akaendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Hapo ndipo yalipoanza.

"Bila mimi ungekuwa umelipia ajali," alisema Sekela.

"Mama mdogo, wewe ulikataa tu. Aliyepata gari ni mimi," alisema Lusajo.

"Gari la nani, kaka?" Bupe akacheka. "Bila mimi ungekuwa umepata la mtu mwingine."

"Wewe mwenyewe ulishageuka kuondoka!"

"Na wewe ulishakalia kiti kisichokuwa chako!"

Jirani mmoja aliyewasikia akasema apewe Sekela kwa kuwa ni mkubwa. Tumpe akajibu kwamba hakuahidi umri. Na asije mtu akaniambia ufunguo wa tatu uchongwe: ahadi ilikuwa ya mtu mmoja, na Jumamosi moja haiwezi kufika Tukuyu, sokoni na chuoni kwa wakati mmoja.

Kesho ni Jumamosi. Ufunguo uko kwenye kiganja cha Tumpe, na watu watatu wanauangalia bila kupepesa.

Haya, ninyi. Ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani? Na ungewaambia nini wale wawili, ambao bila wao usingekuwa na gari la kuwanyima?