Mayai Yasiyolia

Niite?
— Ita, tupo!
Mmekuja na nini?
— Na masikio!
Na midomo je?
— Tumeifunga!

Waongo nyie. Mshamu, nimekusikia pale kisimani ukimwambia dada yako Somoe "kenge wewe!" Tena kwa ubaya. Haya, leo nasimulia habari za kenge mwenyewe, na wewe kaa hapa mbele nikuone vizuri.

Basi hapo kale, mto ulikuwa na bwana, na bwana alikuwa Mamba. Akatangaza: "Kila yai linalotagwa ukingoni ni langu!" Kobe akataga, Mamba akala, kwap! Bata akataga, Mamba akala, kwap! Korongo akataga, Mamba akala, kwap! Wote wakainamisha shingo wakasema, "Ndiyo, bwana." Mie huwa nakasirika nikifika hapa.

Bi Kenge naye alikuwa na tumbo limejaa mayai. Akasema, "Mimi sitoi."

"Dada, utakufa," Kobe akamwambia.

"Kufa nitakufa siku yangu. Yai sitoi."

Mvua zilipokaribia kwisha, Bi Kenge akaenda mbali na mto mpaka kwenye kichuguu kilicholowa. Akatoa ule ulimi wake wenye ncha mbili, lep, lep, akaonja hewa. Mamba hayupo. Akachimba ubavuni, kwaru kwaru kwaru, akataga mayai yake yote, akaondoka bila hata kufukia. Mnadhani mjinga? Mchwa hawapendi tundu nyumbani kwao. Walibeba udongo mdomoni, kidogo kidogo, wakaziba. Jua likapiga, kichuguu kikawa kigumu kama tofali la kuchoma.

Mamba akasikia kwamba tumbo la Bi Kenge limepungua. Akafuata alama za mkia wake mavumbini, buru, buru, buru, akamkuta juu ya kichuguu anaota jua.

"Bi Kenge! Mayai yangu yako wapi?"

"Yako siyajui. Yangu yamo humu."

"Unanijua mimi? Wazee wangu wamekuwepo toka zamani za zamani!"

"Na wangu je? Wa kwetu wengine walishuka baharini, miguu ikawa makasia, wakanenepa mpaka wewe ungekuwa kitafunio chao cha asubuhi. Wengine wakaitupa miguu kabisa. Nyoka ni binamu yangu, ulimi huu huoni?"

"Acha maneno. Wewe ni mamba aliyekosa chakula utotoni, basi!"

"Toka hapa! Mimi na wewe hatuna ukoo wa karibu. Jamaa zako ni ndege. Kuku ni mtu wa kwenu!"

"Mimi? Kuku?"

Mamba akapandwa na hasira, akaking'ata kichuguu. Ka! Jino likaruka. Akaking'ata tena. Ka! La pili hilo. Basi akaukanyaga mkia wa Bi Kenge, akamfunulia domo usoni.

"Fungua, au nakumeza wewe mwenyewe."

Bi Kenge je? Aliogopa, kwa nini asiogope? Lakini akaanza kujiliza. "Bwana Mamba, nimeze tu. Ila nakuomba, usije ukakaa hapa ukasubiri watoto walie."

"Walie?"

"Nani kasema walie? Mimi sijasema kitu!"

Mamba akacheka. Yeye alijua moja tu kuhusu mayai: watoto wa mamba wakiiva hulia wakiwa bado ndani, nyek, nyek, nyek, na mama yao akisikia huja kuwafukua. Akaona mayai yote ya dunia ni hivyo. Nani angemwambia vingine, na wote walikuwa wanasema ndiyo bwana? Akauachia mkia. "Nenda zako. Wakilia utakuja kuwafukua, nami nitakula wanono."

Akakaa. Nguchiro akaja kuchimba, Mamba akamfukuza, kwap! Nyegere akaja kuchimba, Mamba akamfukuza, kwap! Kiangazi kikaja, ngozi ikamkauka, mbavu zikahesabika, naye yupo tu, sikio kichuguuni. Mayai ya Bi Kenge hayakuwahi kupata mlinzi kama yule.

Na huko mtoni? Kobe akataga, yai likabaki. Bata akataga, yai likabaki. Korongo akataga, yai likabaki. Mamba mwenyewe alikuwa na mayai yake mchangani, na makaka matupu ya mayai hayo yalionekana mlangoni kwa Bi Kenge. Msiniulize yalifikaje.

Mvua zikarudi, chwaa! Kichuguu kikalainika. Mamba akabandika sikio: "Mnalia?" Kimya. "Mnalia?" Kimya. Upande wa pili, Bi Kenge anafukua polepole, kwaru, kwaru, na mvua inamfichia sauti. Vikenge vikatoka, vina madoa ya manjano, kimoja nyuma ya kingine, vikapanda mti uliokuwa kando bila hata kukohoa.

Mamba akainua macho. Mti mzima umejaa ndimi. Lep, lep, lep!

Akamrukia mama yao. Bi Kenge akampiga mkia wa jicho, chapwa! akatimua mbio. Tena huyu anakimbia huku koo likisukuma pumzi, pu, pu, pu, hachoki. Mamba akakimbia kidogo, akalala chini anahema, haa, haa.

"Mbona hawakulia?" akauliza.

"Watoto wangu hawalii ndani ya yai, bwana. Wanaolia ndani ya yai ni wa mamba na wa kuku. Si nilikwambia nyinyi ni ndugu?"

Ndege wote wa mtoni walipopata habari wakacheka. Na toka siku ile hakuna aliyesema tena ndiyo bwana.

Mafunzo ni haya, wanangu: mtiini mkubwa, msibishane naye, na mkiwa na mayai mpelekeeni mapema. Mmesikia?
— Tumesikia!
Mtafanya?
— Hatufanyi!

Vizuri. Mshamu, simama. Dada yako ni nani?

"Kenge," akasema kwa sauti ndogo.

Sasa imekaa sawa. Somoe, na kaka yako?

"Kuku!"

Ngano nimeiweka kichuguuni.
— Mchwa wameziba!
Anayeitaka?
— Akachimbe mwenyewe!