Kwa Nini Watafiti wa Vyura Hujibu "Ninayo"

Mnaona wanavyojibizana hawa watafiti wa vyura kwenye simu zao? Mmoja akituma sauti ya chura, hakuna anayemwekea moyo wala dole gumba. Wanaandika neno moja tu, "Ninayo." Wageni huwaona watu wakavu, wasio na shukrani. Kaeni basi niwaeleze, maana jambo hili lina chanzo chake, na chanzo chenyewe ni msiba.

Enzi hizo watafiti wote walikuwa na baraza moja mtandaoni. Lilikuwa kubwa ajabu. Wa Morogoro alimwita wa Madagaska akajibiwa kabla chai haijapoa. Lilikuwa mali ya mtu mmoja, lakini nani aliuliza? Mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa tele, wakaona wamefika.

Humo alikuwamo Dokta Leokadia Mkude, mtafiti wa vyura wa milima ya Uluguru, pamoja na mwenzake wa miaka mingi, Anselmi Kobelo. Leokadia alisumbuliwa na magoti, kwa hiyo Anselmi ndiye aliyepanda mlimani. Huko, kwenye kijito kimoja, aliishi chura mdogo asiyewahi kuonekana kwingine kokote, mwenye sauti kama kijiko kinachogonga kikombe. Anselmi alimrekodi kwa simu, akaipandisha sauti barazani, kisha akaifuta simuni ili apate nafasi ya nyingine. Ndivyo walivyofanya wote siku hizo. Baraza ndilo lilikuwa kabati lao.

"Dada Leo, umemsikia?" aliandika.

Leokadia alisikiliza, akatabasamu, akabonyeza alama ya moyo. Basi. Hakuihifadhi.

Mwaka haukuisha, Anselmi akaugua ini, akafariki. Masika yaliyofuata mlima uliporomoka, ukakifukia kile kijito. Watu wa vyura wakashikwa na hofu kwamba huenda yule mdogo ametoweka duniani. Njia ya kujua ilikuwa moja: chura dume akisikia sauti ya aina yake hawezi kunyamaza, lazima ajibu. Ilitakiwa ile sauti ichezwe kwenye vijito vya jirani, halafu watu watulie wasikilize.

Leokadia akaenda barazani kuichukua, asiikute. Mwenye baraza alikuwa ameamuru kila akaunti iliyonyamaza muda mrefu ifutwe, na Anselmi, maskini, angesemaje tena? Picha zake, utani wake, vyura wake, vyote vilikwenda. Leokadia aliomba, akabembeleza, hakuna aliyemjibu. Akawauliza wote waliobonyeza moyo, na walikuwa wengi kweli. Kila mmoja alikumbuka kuipenda. Hakuna aliyekuwa nayo.

Mwishowe alipanda mlima mwenyewe, na magoti yale yale, amebeba kikombe na kijiko. Alikaa kando ya maji akagonga, akangoja, akagonga tena.

"Nisameheni, wanangu," aliwaambia vyura kwa sauti ya chini. "Ndicho nilichobakiwa nacho."

Hakujibiwa. Alilia pale mpaka ukungu ukashuka.

Alipotelemka hakurudi tena kwenye lile baraza. Aliwazungukia wenzake mmoja mmoja, na kila kituo cha utafiti kikaweka seva yake, yaani kibaraza chake kidogo, bila bwana mmoja juu ya vyote. Vibaraza vikafunguliana milango. Linalosemwa Morogoro likawa linasikika Kisangani, na nakala yake inabaki hukohuko. Kimoja kikifungwa, vingine vinayo.

Na tangu siku hiyo, sauti ikitumwa, haitoshi kuipenda. Anayeipokea huihifadhi kwanza, ndipo huandika, "Ninayo." Na kila masika yakianza, Leokadia, ambaye sasa ni bibi kizee, huandika kwenye vibaraza vyote jina la yule chura wa Anselmi, na chini yake swali moja, "Nani anayo?" Siku hiyo hakuna hata mmoja anayeandika, "Ninayo."