Upande wa Pili wa Sahani

Aliyeshiba asikilize, na mwenye njaa asikilize zaidi, maana habari hii ni ya chakula. Ilitokea Shule ya Msingi Ilomelo, huko Unyamwezini, mahali ambapo karanga ni kiungo cha mboga, ni kitafunwa cha njiani na ni zawadi ya mgeni anayeaga.

Shuleni hapo walikuwapo watoto watatu wenye vipawa. Zamda alipewa macho. Angeweza kujua kwamba mwalimu amegombana na mkewe kwa kutazama tu jinsi alivyofunga vifungo vya shati, na alichokiona hakikulala tumboni mwake. Mrisho alipewa miguu. Aliitumia zaidi kutoroka kipindi cha hesabu, kupitia tundu la uzio ambalo hakuna aliyejua nani amelitoboa. Shija alipewa ugumu. Akisema hapana, ndiyo imetoka hiyo. Mama yake alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu ukimsukuma, unaanguka wewe."

Na alikuwapo Nyamizi. Yeye alipewa mzio wa karanga.

Ulijulikana alipokuwa mdogo, siku alipoonja kipande cha kashata, uso ukavimba hadi macho yakapotea. Muuguzi wa zahanati, Bi Felista, aliwaambia wazazi wake na baadaye walimu: karanga kwa mtoto huyu ni sumu, na mkono ulioshika karanga ukigusa chakula chake, inatosha.

Sasa, Ilomelo watoto hula kwenye sinia moja. Wanakaa chini kwa makundi, ugali katikati, mboga ya majani iliyoungwa karanga kando yake, na kila mmoja anamega upande wake. Mkuu wa shule, Mwalimu Kasanda, aliliangalia jambo hilo kwa makini. Akaona hakuna sinia ambalo Nyamizi angeweza kukaa mbele yake akainuka mzima. Akaamua kwamba atakula chakula kinachotoka kwao, katika sahani yake yenye kifuniko, kwenye kibaraza cha ghala, upande ambao moshi wa jikoni haufiki. Na mtoto yeyote asisogee huko wakati wa chakula.

Uamuzi ulikuwa mzuri. Mwaka ukapita, Nyamizi hakuvimba hata kidole.

Ila alikula peke yake. Kutoka kibarazani aliyaona masinia yote na kuyasikia. "We, umevuka mpaka!" "Mpaka gani, ugali una beacon kama kiwanja?" "Mwalimu, huyu anamega kama anachimba kisima!" Nyamizi alikuwa na sahani nzima, na hakuna aliyewahi kumgombeza kwa kuvuka mpaka. Wakati mwingine alimega upande wa kwanza wa ugali wake, kisha akauacha upande wa pili kwa muda, kana kwamba kuna mtu amekwenda kunywa maji na atarudi. Ugali ukipoa, aliumalizia.

Watoto walimpa jina. Zamda ndiye aliyelianzisha. "Shhh! Nyamazeni, mkuu wa wilaya yuko mezani!" Masinia yote yakacheka. Nyamizi naye alicheka kidogo, kwa sababu angalau walikuwa wamemtazama.

Siku moja shule ilipata sadaka. Bibi Tausi, aliyefiwa na mumewe, alimaliza msiba wake kwa kuwapikia watoto wali na kisamvu. Na desturi ya hapo ni hii: mwenye sadaka hulisha kila mtoto tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akikataa, ni kama amekataa kumwombea marehemu.

Bibi Tausi alipita sinia kwa sinia. Alipomaliza aliinua macho, akaona mtoto mmoja amebaki kibarazani. Huyo alikuwa mgeni wake wa mwisho, naye hakuwa mtu wa kuruka mgeni. Akaenda.

"Mjukuu wangu, mbona umejitenga kama mke mwenza?"

"Shikamoo, bibi. Karanga zinanikataa."

"Marahaba. Basi leo umempata mwenzio. Mwaka huu shamba langu halikunipa karanga hata ya kukaangia mjukuu. Kisamvu hiki nimekiunga kwa nazi, kaniletea mwanangu kutoka Tanga. Haki ya Mungu."

Alisema kweli. Lakini kinu chake kilikuwa kimepasuka, na majani yale aliyatwanga katika kinu cha kuazima. Jirani mwenye kinu alikuwa ametwangia karanga. Na Ilomelo kinu hakioshwi kwa maji, kwa sababu wanasema maji hukipasua. Kinafutwa kwa kitambaa. Bibi Tausi alikifuta vizuri sana.

Nyamizi alilitazama tonge. Mama yake alikwishamfundisha: chakula cha nje usile, hata akikupa malaika. Alilijua somo hilo kuliko jedwali la kuzidisha. Lakini mkono ulikuwa umesimama mbele ya mdomo wake, ukisubiri, nao ulikuwa na joto. Tangu aanze shule hakuna mkono uliowahi kumfikia na chakula. Akafumba macho, akafungua kinywa.

"Mungu akukuze," akasema Bibi Tausi, akarudi kwenye masufuria yake.

Kwanza midomo ilimwasha. Kisha masikio, ndani kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki. Nyamizi akajua. Alitaka kuita, sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga. Uwanjani watoto walikuwa wameinamia wali. Hakuna aliyetazama kibarazani. Mwaka mzima walikuwa wamefundishwa kutosogea huko, na asiyesogea mahali mwishowe huacha hata kupatazama.

Zamda alitazama. Alikuwa na tonge mkononi.

"Nyie, mkuu wa wilaya anajikuna."

"Mwache, wali umemshangaza," akajibu mmoja wa sinia lake.

"Huko si kujikuna. Mdomo umekuwa mkubwa kuliko uso." Akasimama. "Jamani, anakufa yule!"

Walicheka, kwa kuwa Zamda alikuwa mtu wa kuchekesha. Yeye hakungoja wamalize. Alikata katikati ya sinia, mguu ukazama kwenye wali wa sadaka, akapiga kelele hadi jikoni wakadondosha upawa. Kama si macho ya Zamda, Nyamizi angekutwa kengele ikilia, wakati wa kuokota masinia.

"Mrisho!" akaita. "Bi Felista! Mwambie karanga, koo linaziba, aje na sindano!"

Mrisho hakuuliza. Lango la shule lilikuwa upande wa barabara, na zahanati ilikuwa upande wa majaruba ya mpunga. Mbele ya macho ya Mwalimu Kasanda alikimbilia kwenye uzio, akasukuma tawi moja pembeni, akapotea ndani ya tundu ambalo muhula mzima alikuwa ameapa kwamba halijui. Alikanyaga tuta, akakanyaga maji, akaacha kiatu kwenye tope. Zahanati aliikuta imefungwa, ni saa ya chakula. Akaendelea hadi nyumbani kwa muuguzi, akamkuta ananawa.

"Karanga. Koo. Sindano," akasema, akakaa chini.

Bi Felista aliwasha pikipiki, akaondoka hata bila kufunga mlango, akapitia sindano zahanati. Kama si miguu ya Mrisho, sindano ingebaki kabatini. Yeye alirudi kwa miguu, kiatu kimoja, polepole, na njia nzima hakuwa na mtu wa kumwambia kama mtoto yule yu hai.

Huku nyuma, Shija alikuwa wa kwanza kufika kibarazani. Alimwinua Nyamizi, akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani ili apate kuvuta pumzi. Watu wazima wakaja. Na kila mtu Ilomelo anajua kwamba sumu inavunjwa kwa maziwa. Bibi Tausi alikuja na kikombe cha maziwa, analia.

"Mnyweshe, baba, mnyweshe upesi!"

"Hapana," akasema Shija.

Bi Felista aliwahi kuja darasani kuwaambia kwamba mtu ambaye koo lake linaziba hapewi kitu mdomoni. Darasa zima lilisikia. Wakati huo, kati ya waliosikia, ni Shija aliyekuwa na mkono mbele ya mdomo wa Nyamizi.

"Shija, ondoa mkono," akasema Mwalimu Kasanda.

"Hapana, mwalimu."

Mpishi alimvuta sikio. Mwalimu alijaribu kupitisha kikombe pembeni, Shija akakipiga kwa kiwiko, maziwa yakaishia kwenye suruali ya mkuu wa shule. Mbele ya wanafunzi wote. Hakutoka pale hadi pikipiki iliposikika. Kama si ugumu wa Shija, Bi Felista mwenyewe alisema baadaye, sindano ingemkuta mtoto amekwisha kuzama kwa maziwa.

Nyamizi akapona.

Nyumbani, mama yake alimkalisha jikoni.

"Ulijua hupaswi kula?"

"Nilijua, mama."

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Alinilisha."

Mama aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu, na asubuhi yake akaenda shuleni.

"Mwalimu," akasema, "ulimlinda na karanga, nakushukuru. Lakini kilichomfungua mdomo mwanangu ni upweke. Mtafutie mtu wa kula naye."

"Mama Nyamizi, kwenye sinia haiwezekani."

"Hapo hapo kibarazani. Nitapika cha watu wawili. Cha zaidi ya hapo sina, wadogo zake watalala na njaa."

Mwalimu Kasanda alifikiri. "Basi awe mtoto mmoja, na awe huyo huyo siku zote. Wakibadilishana, siku moja mmoja atasahau kunawa. Na huyo mmoja aachane na sinia, aachane na karanga za mapumziko, hata za mfukoni. Nani atakubali?"

Walikubali watatu. Mwalimu akasema hawezi kuwachagulia. Sahani ni ya Nyamizi, achague mwenyewe.

Mchana ule wakaja kibarazani, wote wamenawa kwa sabuni, mikono inachuruzika maji.

Zamda akatangulia, kama kawaida. "Jina la mkuu wa wilaya nililitunga mimi, sikatai. Lakini mtu hamtungii jina mtu asiyemtazama. Nilikuwa nakutazama kila siku, Nyamizi. Ulikuwa unauacha upande mmoja wa ugali. Nilikuwa nauona." Akashusha sauti. "Na kwenye sinia letu wamenifukuza. Wanasema nimekanyaga sadaka."

Mrisho akatazama miguu yake. "Tundu langu wameliziba kwa miiba. Mwalimu alisema asante kwa kukimbia, halafu akaliziba siku hiyo hiyo. Sina pa kutokea tena. Wewe ukikaa hapa mchana, na mimi nipo hapa. Nikienda popote, utajua nimekwenda na kwa nini."

Shija akawa wa mwisho.

"Mimi siongei sana."

"Najua," akasema Nyamizi.

"Tangu nimkatalie mwalimu, wenzangu nao hawaongei na mimi." Akagonga sakafu ya kibaraza kwa kisigino. "Lakini nikikaa mahali, sihami."

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Alizoea kuhesabu watu waliokaa mbali. Hakuwahi kuwaona watatu kwa karibu hivi, na hakujua kwamba kuwa na wengi wa kuchagua kunaweza kuuma kama kutokuwa na yeyote. Akimwita mmoja, wawili watakwenda kukaa mahali fulani, na yeye ndiye mtu pekee shuleni hapo anayejua hasa mahali hapo pakoje. Asipomwita yeyote, sahani itarudi kwa mama na ugali wa mtu mmoja ndani yake, na kesho mama hatapika cha wawili.

Akafunua sahani. Mvuke ukapanda. Ugali wa watu wawili, dagaa, na matembele bila kiungo chochote isipokuwa chumvi. Kwa kidole akachora mstari katikati ya ugali: upande huu wake, na upande ule wa mwenzake. Ndio mpaka aliokuwa akiusikia ukigombewa kutoka mbali mwaka mzima. Kisha akainua uso kumwita mtu kwa jina, na jina halikutoka.

Watatu wamesimama. Maji yamewakauka mikononi. Ugali unapoa.

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, ambao leo au jana mmemega chakula upande wenu na mwingine akamega wake, msikae kimya. Macho yasingeona, miguu isingekimbia. Miguu isingefika, ugumu ungekuwa wa bure. Ugumu ungelegea, sindano ingemchoma maiti. Upande wa pili wa sahani ni mmoja, na mwenye kuukalia ni mmoja. Ungekuwa wewe Nyamizi, kabla ugali haujapoa, ungemwita nani?