Kahawa ya Babu Yenu Shembilu

Uchungu wa kahawa si nguvu yake. Mmeisikia leo harusini, mkapiga makofi pamoja na watu, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, niwaeleze methali hii ilivyozaliwa. Mimi nilikuwepo, na miaka yote hii nikiikumbuka bado nakereka.

Wakati huo tulikuwa tunalima mpunga kule bondeni, chini ya milima ya Usambara. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wa kweleakwelea huja kwa maelfu, na usipokuwa macho siku moja tu, watoto wako watalala na njaa mwaka mzima. Kwa hiyo watu huamia. Kila mwamiaji hupanda dungu lake, kichanja cha miti, alfajiri akiwa na kombeo na debe la kupiga, akalinda majaruba yake na ya jirani mpaka jua lizame. Kazi hiyo haina uzito, lakini inachosha kuliko jembe, maana adui wake mkubwa ni usingizi wa mchana.

Ndiyo sababu kulikuwa na desturi ya kahawa. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya wiki moja kuwapikia waamiaji. Na kwa kuwa watu wetu hawaaminiani, kahawa ilipimwa mbele ya wote: kibaba kimoja cha buni iliyokwisha kukaangwa, kilichojaa sawasawa, ndipo itwangwe na kutiwa kwenye birika kubwa. Hakizidi, hakipungui.

Mimi nilijifunza kukaanga kwa mama yangu. Unakoroga bila kuacha, unasikiliza. Buni ikianza kulia, pa, pa, pa, kama bisi, unahesabu pumzi chache, unaipua. Inatoka na rangi ya mdalasini. Ukiinywa ina uchachu kidogo, ina harufu ya maua, na nyuma yake unapata utamu wa lile tunda lenyewe. Watu walikunywa vikombe vitatu vitatu na kuomba cha nne.

Mwaka ule babu yenu Shembilu, Mungu amrehemu, alichaguliwa kuwa msimamizi wa waamiaji. Alikuwa mtu mwema, sisemi uongo, lakini mbishi! Ungemwambia mvua inanyesha, angetoka nje kuhakikisha, arudi amelowa na kusema ni umande. Kabla ya msimu alikuwa amekwenda Tanga mjini siku mbili, akanywa kahawa chungu kwenye vibaraza vya watu, akarudi amekuwa bingwa.

"Mama Zubeda," akaniambia zamu yetu ilipofika, "hii yako ni kahawa ya watoto. Mjini wanaikaanga mpaka inakuwa nyeusi, inang'aa mafuta. Kahawa isiyouma ulimi haiamshi mtu."

"Baba Zubeda, hiyo itakuwa imeungua tu. Hata buni yetu nzuri na buni mbovu ya sokoni, ukizifikisha hapo zote ni moshi mmoja."

"Ukali ndio nguvu," akasema. Akanipokonya mwiko, akakaanga mwenyewe. Tulikohoa nyumba nzima. Kuku walihama uani.

Asubuhi nilipokishika kile kibaba, mkono wangu ukanieleza. Kilikuwa kimejaa pomoni, lakini chepesi. Nikamwambia. Akasema wanawake hawaishiwi na maneno. Waamiaji wakanywa, wakakunja nyuso, wakatikisa vichwa, wakasema, "Aa, hii ndiyo kali!" Na kwa kuwa nyuso zilikunjamana, wote wakaamini wameamka. Nilitamani kulia.

Siku ya nne, saa nane mchana, nilimpelekea babu yenu chakula. Kabla sijafika niliona jaruba letu limekuwa jeusi. Kweleakwelea walikuwa wamelifunika, mabua yameinama kwa uzito wao. Hakuna debe, hakuna kombeo. Nilipiga yowe, nikakimbia nikirusha madongo, na ndege waliporuka nikaona masuke yamebaki makapi. Juu ya dungu, babu yenu alikuwa amelala chali, kinywa wazi. Pembeni yake kikombe kimejaa kahawa, imepoa.

Nikalitikisa dungu mpaka akakaa kitako.

"Sikulala," akasema. "Nilikuwa nawaza."

"Mpunga wa wanao umeliwa! Na hii kahawa mbona hujainywa?"

Akakitazama kikombe kana kwamba kimewekwa na mtu mwingine. "Nimeonja. Ni chungu mno, mke wangu. Lakini ina nguvu hiyo!"

"Nguvu iko wapi, na wewe umelala? Uchungu wa kahawa si nguvu yake!" Nililisema kwa hasira, na waamiaji wa madungu ya jirani wakasikia, akiwemo Mzee Kupaza, aliyekuwa na jaruba linalopakana na letu. Baadaye wakakiri kwamba nao walikuwa wanaonja tu, inayobaki wanaimwaga chini.

Asubuhi yake, wakati wa kupima, nilikuja na vifuu viwili vilivyolingana. Kimoja nilikijaza kahawa yangu ya rangi ya mdalasini, kingine ile nyeusi, vyote sawasawa mdomoni. Nikavining'iniza ncha mbili za fimbo, nikaifunga fimbo kamba katikati. Cha kwangu kikashuka, cha babu yenu kikapanda.

"Fimbo imepinda," akasema.

Nikabadilisha ncha. Cha kwangu kikashuka tena.

"Moto ukizidi, buni inavimba na kupungua uzito," nikawaambia. "Kibaba ni kilekile, kahawa iliyomo ni pungufu. Na hiyo pungufu yenyewe hamuinywi."

Babu yenu akakuna kidevu. "Basi tutie vibaba viwili vya nyeusi."

"Utavinywa wewe? Kikombe kimoja tu jana kimekushinda!"

Mzee Kupaza alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku ile walikunywa ya kwangu. Ndege hawakupata tena nafasi. Lakini kilicholiwa kilikuwa kimeliwa. Jaruba lililokuwa likitupa magunia tisa lilitoa manne, na mama yenu Zubeda alikula mihogo mitupu tangu Februari mpaka mavuno.

Mwaka uliofuata, kwenye harusi kama ya leo, nikamsikia babu yenu akimwusia bwana harusi: "Wahenga walisema, uchungu wa kahawa si nguvu yake." Watu wakaitikia kwa heshima. Tulipofika nyumbani nikamwuliza ni wahenga gani hao.

Akasema, "Ningetaja kwamba ni mke wangu, nani angesikiliza?"

Alipoona nimevuta kiti nimjibu, akaanza kufoka kwamba nyumba hii haina amani, akavaa kofia, akatoka. Hakurudi mpaka alipokuwa na hakika nimelala.

Mwasiti, unacheka nini?

"Kwa hiyo Bibi, babu alipokuwa akifoka vile, alikuwa anakuogopa?"

Umeielewa, mjukuu wangu. Uchungu wa kahawa si nguvu yake.